Memori ya Mtumba

Uvumi niliupata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hapa Kibiti, mwaka uliofuata baada ya daraja la Rufiji kufunguliwa. Mbele yangu alisimama jirani yangu Maimuna na debe lake la mahindi. Hakugeuka kunitazama. Aliongea kama mtu anayesema na debe.

"Mama Zaidi, eti ni kweli mkweo ameonekana?"

"Mkwe wangu yupi?"

"Kwani unao wangapi? Tamimu. Wanasema anaandika kwenye mashine, dukani kwa mwanao."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akadakia, "Siku hizi biashara huria, bibi. Hata mizimu imeruhusiwa kufungua ofisi!"

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, maana usipocheka watu wanajua pa kukuchoma. Lakini unga nilioubeba siku ile sikumbuki niliufikishaje nyumbani. Lile neno lilinikaa sikioni kama mdudu. Nikikuna, linaingia ndani zaidi.

Nawaandikia wazazi wenzangu, hasa nyie mnaofungua maduka ya kompyuta huku kwetu, na nyie wenye watoto waliofiwa. Msiseme hatukuambiwa.

Tamimu alikuwa mume wa binti yangu Salima. Alifanya kazi katika ofisi moja ya kupima maji kule Maparoni, ndani ya delta, wafadhili walipokuwa bado wapo. Yeye ndiye aliyeangalia kompyuta zao. Alikuwa kijana mpole, mcheshi, hali samaki wa kambale kwa sababu eti wana ndevu kama za babu yake. Alasiri moja jenereta ya ofisi ilikaribia kuishiwa dizeli, akachukua mtumbwi akafuate nyingine kwenye ghala, mkondo wa pili. Mtumbwi ulionekana kesho yake umenasa kwenye mikoko. Dumu lilikuwa ndani, limejaa. Yeye hakuonekana.

Walitafuta mpaka wakachoka. Mamba, kiboko, maji tu, nani ajuaye. Hatukuzika mtu. Ofisi nayo ikaja kufungwa, wafadhili wakaondoka, vyombo vyake vikauzwa kwa wafanyabiashara wa Dar. Salima akarudi kwangu Kibiti na sanduku lake, akaanza kungoja.

Mwanamke ambaye mume wake amepotea bila maiti ana shida ambayo mjane wa kawaida haijui. Si mke, si mjane. Hawezi kuolewa, hawezi kulia ikaisha. Shehe Swalehe alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba dini imeweka muda wa kungoja, na muda ukitimia mke atakalishwa eda kama aliyefiwa, kisha yuko huru. Muda ule ulikuwa umetimia. Salima mwenyewe alikuwa ameridhika. Somo yake, Bi Sikujua, aliyemfunda unyagoni, alishaandaa kanga nyeupe na udi. Tulikuwa tunangoja Ijumaa ipite, mwanangu aingie eda, aomboleze, atoke, aishi.

Ndipo ukaja ule uvumi.

Sasa niseme habari ya ile mashine, maana bila hiyo hamtanielewa.

Mwanangu mkubwa, Zaidi, alifungua duka la intaneti barabarani, karibu na stendi. Dishi juu ya bati, jenereta nyuma, kompyuta za mtumba zimepangwa ukutani. Kumbe kompyuta haziendi zenyewe kwenye dishi. Katikati kuna kisanduku kinaitwa ruta, kinachogawa njia, kila kompyuta ipate chake. Kama mama anayepakulia watoto kutoka sufuria moja.

Alileta ruta mbili nyumbani kuzilinganisha, zote za hali ya chini, za watu wa kuanza. Alizifungua juu ya mkeka wangu. Moja ndogo, nyeusi, mpya. Nyingine ya kijivu, kubwa kidogo, imetumika.

"Unaona mama, hii nyeusi memori yake imechomelewa kwenye ubao. Ulivyoinunua ndivyo utakavyoizika. Watu wakijaa dukani inasinzia, na hakuna la kuifanya."

"Na hiyo nyingine?"

"Hii ina mwanya. Tazama hapa. Biashara ikikua unachomeka memori nyingine, inapata nguvu."

"Kwa hiyo mwanya ndio unanunua."

"Mwanya ndio nanunua," akasema, akacheka.

Salima alikuwa anachambua mchele pembeni. Akauliza, "Kaka, memori ni kitu kimoja tu?"

"Ziko mbili. Moja ya kufanyia kazi. Hiyo umeme ukikatika inasahau yote, inaamka kama mtoto mchanga. Nyingine ya kudumu. Hiyo hata uizime mwaka mzima, ukiiwasha inakumbuka ilipoishia. Hii ya kijivu napanulia zote mbili."

Salima akaendelea kuchambua mchele. Nilimwona anatabasamu peke yake, sikujua kwa nini.

Memori mpya za ile ruta zilikuwa za kuagiza, zinachelewa na bei yake ya ofisi kubwa. Zaidi akaenda Kariakoo, akapata za mtumba kwenye meza ya mtu anayeuza vipande vya mashine zilizovunjwa. Vijiti vyembamba, urefu wa kidole, vina meno ya rangi ya dhahabu. Muuzaji hakumwambia zilitoka wapi, na Zaidi hakuuliza. Nani anauliza suruali ya mtumba ilivaliwa na nani?

Siku ya ule uvumi sikukaa nyumbani kupika. Nilitua unga, nikaenda dukani.

Vijana walikuwa wamejaa, kila mmoja na kompyuta yake. Zaidi alikuwa nyuma ya kaunta, uso umemshuka. Pembeni yake, kwenye kompyuta yake mwenyewe ambayo waya wake wa buluu ulikwenda moja kwa moja kwenye ruta, alikaa Salima. Mikono ameiweka mapajani kama mtu aliye msikitini.

"Shikamoo mama," akasema bila kunitazama.

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Njoo usome."

Mimi kusoma najua, nimemaliza darasa la saba. Nikasogea. Kioo kilikuwa cheusi, maandishi meupe:

NIPO. NIMETOKA KIDOGO. USIZIME. NISUBIRI, NARUDI. TAMIMU.

Nikasoma mara ya pili. Ile ilikuwa sauti yake. Tamimu alisema hivyohivyo kila alipotoka kwangu: "Mama, nimetoka kidogo." Hakuwahi kusema naenda.

"Zaidi! Hiki nini?"

"Mama, punguza sauti, kuna wateja." Akainama karibu nami. "Ile memori ya kudumu niliyonunua ilikuwa ya ofisi yao. Imekuja na mipangilio yake ya zamani, hawakuifuta. Huu ni ujumbe alioweka ili mwenzake akifungua ruta aone, asiizime wakati yeye kafuata dizeli. Basi. Ni karatasi iliyobandikwa mlangoni, mama. Mwenye kuibandika hayupo."

"Tangu lini?"

"Siku nilipoichomeka. Mteja mmoja aliona, akapeleka nje."

"Na umemwonyesha dada yako?"

"Kaja mwenyewe. Kasikia kisimani."

Salima akasema, sauti imetulia kabisa, "Kaandika nipo. Hajaandika nilikuwepo."

"Salima, mwanangu, aliandika siku ile. Zamani."

"Mbona kaja hapa? Kuna maduka mangapi ya kompyuta kutoka Dar mpaka Lindi? Mbona kaja kwa kaka yangu?"

Swali hilo najiuliza mpaka leo.

Zaidi akaona bora amwonyeshe. Akasema, "Tazama, Salima, nazima. Utaona ni mashine tu." Salima akamshika mkono, "Kasema usizime!" Lakini Zaidi alishavuta waya. Vijana wakapiga kelele, "Aa, bro, tulikuwa katikati!" Taa za ruta zikafa. Akahesabu kimoyomoyo, akarudisha waya. Taa zikaanza kumulika, moja, nyingine. Tukangoja. Kioo kikawa cheusi, kisha maandishi meupe yakatoka yaleyale. Nipo.

Zaidi alidhani amemthibitishia kuwa ni chuma. Nikamtazama binti yangu usoni, nikajua kaka yake amefanya kinyume. Alikuwa anatokwa machozi na huku anacheka.

"Umemzima," akasema, "na karudi."

Tangu siku hiyo hakukaa nyumbani. Asubuhi duka likifunguliwa yuko mlangoni. Hali mpaka nimpelekee. Zaidi akisema anafuta, yeye anasimama mbele ya kile kisanduku kama kuku anayelinda vifaranga. "Futa. Utakuwa umemuua wewe, si mto." Nani atagusa baada ya neno hilo? Ijumaa ikapita. Kanga nyeupe ikabaki kwenye mkoba wa Bi Sikujua.

Nikaenda kwa Shehe Swalehe. Akanisikiliza, akasema, "Maandishi si mtu. Marehemu wangapi wameacha maandishi? Hukumu haibadiliki. Lakini mwanamke hawezi kukalishwa eda kwa nguvu, akiwa moyoni anamngoja mume. Mtulizeni kwanza."

Kumtuliza kwenyewe ndiko kulikotushinda. Mpaka Bi Sikujua akaja na lake.

Nyie mnajua desturi yetu. Nguo za marehemu hazikai na harufu yake. Zinafuliwa, zinafukizwa udi, ndipo zinagawiwa. Nguo ikishafuliwa mwenyewe hana dai tena. Tamimu hatukumwosha, hatukuwa na maiti. Nguo zake zilibaki kwenye sanduku la Salima hivyohivyo, hazijafuliwa, maana nani afue nguo za mtu ambaye hajafa?

Bi Sikujua akamkalisha Salima mkekani, akamshika magoti. "Mwali wangu, nisikilize. Wewe unasema yumo mle. Hewala, yumo. Sasa aliyemo hajaoshwa. Amekaa kwenye mashine ya watu, vijana wanamchekea, kila jenereta ikizimika anakurupushwa. Hiyo ni heshima ya mumeo?"

Salima akaweka mkono juu ya lile sanduku.

"Mtoe mle. Tumfulie na nguo zake, tumfukize, tumswalie ya ghaibu, ile ya asiye na maiti. Apumzike. Na wewe upumzike."

Salima akalia. Alilia kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu mtumbwi ulipoonekana. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, fundo limefunguka.

Zaidi akachomoa kile kijiti, akampa dada yake mkononi. Tulifua uani, mchana, wanawake peke yetu. Mashati yake, kikoi, suruali ya kazini. Mwisho, Salima akakitia kile kijiti kwenye beseni, maji yenye marashi, akakisugua kwa kidole gumba meno yale ya dhahabu taratibu, kama anayemsafisha mtoto masikio. Bi Sikujua akafukiza. Kikaanikwa kwenye kamba pamoja na nguo, kimefungwa kwenye kitambaa. Nguo zikagawiwa. Mashehe wakaswali. Salima akavaa nyeupe, akaingia chumbani, akaanza eda yake.

Nyumba ilitulia. Alikuwa anakula. Alinisimulia habari za Tamimu kwa maneno ya jana na juzi: alikuwa, alipenda, alisema. Maneno hayo yalikuwa yananiponya mimi mwenyewe. Nilianza kufikiria akitoka eda atajifunza kushona.

Kile kijiti Zaidi alikirudisha dukani, akakitia kwenye droo. Alisema tusitupe kitu kama kile jalalani. Hilo tulikubaliana.

Lakini duka. Ruta ya kijivu bila memori ile ilirudia programu yake ndogo ya zamani, ikawa inasinzia. Watu wakijaa inaganda, wanalalamika, "Zaidi, hii intaneti au gari la ng'ombe?" Wengine wakaanza kwenda Ikwiriri. Akaagiza memori mpya, haikufika. Siku moja, duka limejaa, kimeganda kila kitu, akafungua droo.

Aliniambia baadaye, "Mama, nilijua maji yameiharibu. Ilitiwa kwenye beseni, ikasuguliwa. Nikasema nijaribu tu, ikikataa roho yangu itulie."

Haikukataa. Mwanangu fundi alikuwa ameamini kama sisi, kwamba kilichofuliwa kimeondoka. Vitu vile vikikauka sawasawa maji hayavifanyi kitu. Aliwasha, taa zikamulika, akafungua kompyuta yake.

NIPO. NIMETOKA KIDOGO.

"Kwa nini hukufuta papo hapo?" nikamuuliza.

"Kidole kilikuwa juu ya kitufe, mama." Akatazama pembeni. "Yule alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji."

Akachomoa, akarudisha kwenye droo. Lakini kijana mmoja alishaona, na Kibiti haina mlango. Kabla ya alasiri kuisha, mtu alipita chini ya dirisha la binti yangu aliye edani, akamwambia mwenzake, wala hakunong'ona: "Yule wa kwenye mashine, wamemfua na bado yupo!"

Nilikuwa jikoni. Nilisikia mlango wa chumbani ukifunguka. Salima alitoka na nguo zake nyeupe, kichwa kimefunikwa, akanipita.

"Salima, uko edani! Huendi popote!"

"Eda ya nani, mama?"

Alikwenda dukani, akafungua droo, akachukua kile kijiti, akakifunga kwenye pindo la kanga. Zaidi alimshika mkono, akamwachia. Anasema alivyotazamwa hakuweza kuendelea kumshika. Kulikuwa na gari la samaki linalorudi delta. Akapanda.

Mimi nilimfuata siku ya pili yake, kwa gari, kisha kwa boti ya injini inayopeleka abiria Maparoni. Mikoko huku na huku, mizizi yake inasimama nje ya maji kama vidole. Nahodha akaniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia binti yangu. Akasema, "Aa, yule aliyefungua ofisi."

Ile ofisi ilikuwa na bati nusu. Milango imeng'olewa, nyaya zimetolewa ukutani. Hapakuwa na mashine hata moja. Salima alikuwa amefagia. Alikuwa ameanika nguo, na jikoni, kwenye mafiga, sufuria ya wali inachemka. Alinipokea vizuri, akaniamkia, akaninawisha. Hakuwa kichaa, msije mkasema hivyo. Aliniuliza habari ya Zaidi, ya Maimuna, akamcheka Maimuna kama zamani.

Akapakua sahani tatu. Mbili aliweka samaki wa kambale, ya tatu hakuweka.

"Salima, twende nyumbani."

"Nitakuja, mama. Akirudi tutakuja wote."

"Mwanangu, yale maneno aliyaandika kwa ajili ya mwenzake wa kazini. Hakukuandikia wewe."

"Najua." Akamega tonge, akalitazama. "Lakini mwenzake wa kazini hakumsubiri, mama. Alizima, akaondoka. Wote walizima wakaondoka. Amebaki nani wa kumsubiri?"

Juu ya dirisha linalotazama mkondo palikuwa na koroboi. Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa chumba kizima, na ile koroboi inawaka. Mafuta ni taabu kule. Kama mama nilinyoosha mkono niipulize, si kwa jingine ila kuokoa mafuta.

"Mama," akasema. "Usizime."

Sikuizima. Nilirudi kwenye boti nikiiona kwenye lile dirisha, kidoa chekundu mchana kweupe, mpaka mikoko ikaifunika.

Yuko kule mpaka ninapoandika. Analima mpunga, watu wa Maparoni wanamheshimu, wengine wanampelekea mafuta ya taa. Shehe amekwenda kumwita, Bi Sikujua amekwenda, wote wamerudi peke yao. Zaidi anatumia ile ruta nyeusi, iliyochomelewa, isiyoongezeka, na akiniona dukani anakigeuza kioo cha kompyuta yake ukutani, nisikumbuke yale maandishi. Na mimi ninapotoka nyumbani, hata kwenda sokoni, siwezi tena kusema nimetoka kidogo.

Mambo ya kuepuka:

Usinunue memori ya mtumba bila kuuliza ilitoka ofisi gani.

Ukishainunua, usiichomeke kabla fundi hajaifuta yote. Aifute mtu asiyemjua mwenye nayo.

Ruta ya kuanzia ikiwa haina mwanya wa kuongeza, usiidharau. Punguza wateja, ngoja mpya iliyoagizwa.

Usidhani kuzima umeme kunafuta. Kuna memori inayosahau na kuna isiyosahau. Uliza ipi ni ipi.

Usifue kwa maji. Hayafuti.

Kijiti chenyewe usikiweke kwenye droo.

Usimwonyeshe mfiwa.

Usiandike kwenye mashine kwamba unarudi.